Wa Tisa

Mji wetu umebanwa na bonde jembamba la Georgia,
huku machimbo ya manganizi, huku maghorofa,
na katikati, juu ya mto mweusi, waya.
Mama ndiye msimamizi wa waya.
Nazibrola: jina refu kuliko koti lake la kazi.

Kila alfajiri, kabla ya zamu ya kwanza,
huvua glavu moja, ya kulia tu,
akaupapasa waya
kama paji la mtoto mwenye homa.
Akikuta uzi umekatika, huandika.
Asipokuta, huandika pia.
Siku ya harusi ya mdogo wake aliandika kwanza,
ndipo akavaa viatu vya kisigino.

Gari letu la angani hubeba watu wanane.
Mkurugenzi alifika na wageni wanane,
suti, manukato, chupa ya konyaki kwapani.
Mama akahesabu kwa kidole.
"Wewe ni wa tisa," akamwambia mkurugenzi.
"Lijalo ni baada ya dakika kumi na mbili."
Akasubiri, mkubwa yule,
akisoma tangazo la breki tangu juu hadi chini.

Wiki iliyofuata wa tisa nilikuwa mimi.
Sikuwa na koti zito; nilidhani damu ni tiketi.
Mlango ukafungwa. Uso wake nyuma ya kioo
ukapanda, ukapanda,
hata kunikonyeza hakunikonyeza.

Lakini simpaki mama yangu mafuta kwa mgongo wa chupa.
Kuna majira subira yake ilibaki kazini,
imetundikwa msumarini pamoja na kofia ya chuma.
Fundi Badri aliangusha spana mtoni,
akaambiwa, "Pole. Chukua nyingine,
na safari hii ifunge kamba."
Jioni ileile Luka wetu akaangusha bakuli la maharage,
na jirani wa chini akazima redio
asikie vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ulimi hauna mfupa.
"Mama," nikasema, "Luka angekuwa fundi wako,
leo angeambiwa pole."

Mchuzi ulikuwa ukitambaa kuelekea zulia.
Mama akavua glavu (kumbe bado alikuwa amezivaa)
akapiga magoti, akayazoa maharage kwa kiganja.

Asubuhi tukakuta daftari la pili juu ya friji,
mistari kaipiga mwenyewe.
Jumatatu: nimepaza sauti, mara moja.
Jumanne: hakuna.
Jumatano: mara mbili. Radhi nimeomba mara moja.
Nadaiwa.

Luka alijifunzia kusoma humo.

Na ngazi za jengo, je?
Yeye ndiye aliyeshika orodha ya zamu za kufagia theluji,
na asiyefagia hulipa lari mbili.
Januari moja, waya uliganda, hakurudi siku mbili.
Zamu yake ikapita. Bibi Pirimze akamwambia,
"Acha, mwanangu, nani asiyejua ulikuwa wapi?"
Mama akachukua kalamu, akajiandika mlangoni
chini ya Otari, mdaiwa wa miaka mitatu,
kwa herufi zilezile, wino uleule.
Otari akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.
Kesho yake akashuka na kopo la chai limejaa sarafu.
Hazikutimia. Otari ni Otari.

Sasa nina duka la dawa Kutaisi, na vijana wanne chini yangu.
Juzi mmoja alivunja chupa kumi na moja za dawa ya kikohozi,
sakafu nzima ikanata, na wateja wamepanga foleni.
Nikavuta pumzi ya kupiga kelele.
Kabla sauti haijatoka
nikaona mkono wangu wa kushoto
unauvua wa kulia glavu ambayo haikuwapo.

"Pole," nikasema.
Haikuwa tamu. Lakini ilikuwa ya kwanza,
na usiku nikaiandika.